Kamba Tupu Siku ya Maji

Mzee Ondiek hakuwa mtu wa kukimbilia polisi. Miaka thelathini na miwili kwenye reli ilimfundisha kwamba treni iliyochelewa haiji haraka kwa kupigiwa kelele. Basi Ijumaa hiyo saa mbili asubuhi, alipoketi mbele ya meza ya Sajini Nthoki na kuweka kofia magotini, sajini alitambua mara moja kwamba mtu huyu alikuwa ameimaliza subira yake yote kabla ya kuvuka lango la kituo.

"Binti yangu Awuor ameniandikia meseji," alisema.

"Anasemaje?"

"Mimi sijaiona. Nimesomewa."

Konstebo Bulle, aliyekuwa akimimina chai kwenye kona ya ofisi, aligeuka. "Hujui kusoma, mzee?"

"Nilijua kusoma kabla baba yako hajaoa, kijana. Macho ndiyo yameziba. Mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa tatu huu. Na Awuor anajua. Tangu yazibe hajaniandikia hata herufi moja. Hunipigia, ama hunitumia sauti. Sasa afike ughaibuni, kitu cha kwanza aniandikie barua?"

Bulle aliweka birika chini. Nthoki alinyoosha mkono, akapewa simu.

Ujumbe ulikuwa wa Jumanne saa tano asubuhi, kutoka namba ya nchi ya nje. *Baba nimefika salama. Kazi ni nzuri. Msinipigie kwanza, mwajiri hapendi.* Jirani aliyemsomea mzee ndiye pia aliyemjibia: nitumie sauti yako. Saa mbili baadaye, saa saba na dakika kumi na nne mchana, ikaja sauti ya sekunde tisa.

*"Baba, ni mimi. Nimefika. Niko salama. Msiwe na wasiwasi."*

"Ni yeye?" Nthoki aliuliza.

"Sauti ni ya Awuor. Maneno si ya Awuor. Mtoto huyo hawezi kunisalimu bila kunicheka kwanza."

"Nani alimtafutia kazi?"

Mzee alichezea ukingo wa kofia yake. "Dada Waringa, wa kanisani kwetu Kaloleni. Amefundisha watoto wetu Biblia. Yeye mwenyewe alifanya kazi Ghuba miaka sita akarudi salama, akajenga. Jumapili iliyopita wasafiri waliitwa mbele waombewe, na pasipoti zao pia. Waringa akapitisha kapu la sadaka, zikatiwa humo. Mchungaji akaziombea, akamrudishia Waringa kapu." Akasema kwa taabu, "Awuor alisitasita. Mimi ndiye nilimnyang'anya mkononi nikaitia. Nilisema, Mungu haibiwi."

Nthoki hakumpa pole wala lawama. Alivuta karatasi. "Waringa yuko wapi sasa?"

"Simu yake imezimwa tangu Jumatatu, siku waliyoondoka. Walikuwa wasichana kadhaa, kila mmoja na mtaa wake. Nilichonacho ni hii."

Ilikuwa barua ya ajira, yenye muhuri mwekundu na jina la ajenti: Daraja Njema, ghorofa ya pili, Gikomba.

*

Walipokuwa njiani Bulle alikuwa amekwisha kumfunga mwenye ajenti hiyo kichwani mwake, na kumhukumu. Lakini mwenyewe, Kiarie, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa, aliwapokea mlangoni kama mtu aliyekuwa akiwangoja.

"Mmekuja na pingu? Leteni. Lakini kwanza mnisikilize, maana mimi ndiye niliyeibiwa hapa!"

Chini ya dirisha lake wabeba mizigo walikuwa wakipishana na marobota ya mitumba, wakipiga miluzi ili wapishwe. Kiarie alifunga dirisha, akaiweka barua ya Ondiek kando ya mkataba aliouchomoa kwenye kabati.

"Tazama, madam. Muhuri wangu ni wa bluu. Huo wenu ni mwekundu kama nyanya. Lakini achana na muhuri, muhuri huchongwa hata River Road. Soma ndani. Wangu una jina la mwajiri. Una mtaa anaokaa, namba yake ya simu, mshahara, siku ya kupumzika. Umepitia ubalozi na wizara. Nakala moja inabaki kwangu, moja anakaa nayo msafiri, moja inabaki kwa mama yake. Sasa huo wenu unasema nini?"

Nthoki alisoma kwa sauti. "'Mwajiri mwema, katika nchi ya Ghuba.'"

"Mwajiri mwema!" Kiarie alipiga meza. "Huyo ni mtu ama ni malaika? Na pasipoti ya mteja wangu inalala kwao, chini ya mto wake, mpaka siku ya uwanja wa ndege. Mimi nimesafirisha watu mia mbili na kitu. Wananiletea tende mpaka nimechoka na tende. Halafu mtu mmoja anachukua jina langu…"

"Ulijuaje limechukuliwa?"

"Jana. Karani wa kampuni ya mabasi alinipigia kuthibitisha viti. Eti Daraja Njema imeweka viti kumi na viwili, Ijumaa saa kumi na moja jioni, kwenda mpaka wa magharibi. Mimi na mpaka wa magharibi wapi na wapi? Watu wangu wanapandia ndege hapa Embakasi, na wizara ikiwaona."

Nthoki na Bulle walitazamana. Hila yenyewe haikuwa ngeni kwao. Wasichana huvushwa mpaka kwa basi kama watu waendao kutembelea jamaa, kisha hupandishwa ndege nchi ya pili, mahali ambapo hakuna afisa wa Kenya wa kuuliza mkataba uko wapi. Wakishapaa, kuwapata ni kutafuta chumvi iliyomwagika baharini.

"Ijumaa ndiyo leo," Bulle alisema.

"Karani alikupa mahali watakapopandia?" Nthoki aliuliza.

"Aliambiwa basi litapigiwa simu likiwa njiani, liwachukue kando ya barabara. Popote. Nilipomwambia si mimi, naye akaogopa akafuta viti. Sasa watatafuta gari lingine."

Hilo lilikuwa pigo. Basi ndilo lililokuwa uzi pekee mkononi, na Kiarie, kwa haki yake yote, alikuwa ameukata. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

*

Ndani ya gari Nthoki aliisikiliza ile sauti ya sekunde tisa mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Namba ilikuwa ya nje na ilitumia mtandao tu, kwa hiyo minara ya simu ya hapa haikuwa na la kusema. Barua ya kuomba usaidizi wa kampuni ya mtandao huo ilikwisha kutumwa, na majibu yangechukua siku tatu. Yeye hakuwa na siku tatu. Alikuwa na sekunde tisa.

"Sikiliza nyuma ya maneno," alimwambia Bulle. "Baada ya 'niko salama'."

Bulle alibana simu sikioni. "Kuna kitu kinakoroma. Jenereta?"

"Tena."

"Kwetu Wajir ningekwambia huyo ni ngamia amekasirika."

Nthoki alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Mimi nimezaliwa Mbotela, Bulle. Nililala nikiisubiri hiyo sauti kila wiki ya maisha yangu. Huo ni mfereji unakohoa. Maji yakikaa siku tatu bila kuja, hewa hutangulia kwenye bomba. Hukohoa, hutema, hukohoa tena, kisha maji. Na sikiliza mwisho kabisa, kuna mwanamke mbali anaita."

Bulle aliirudia. Sauti nyembamba, nusu imekatwa: *"Imekujaaa!"*

"Huko kwenye majumba ya marumaru hakuna mfereji unaokohoa," Nthoki alisema. "Na hakuna jirani anayeshangilia maji kwa Kiswahili. Hawajaondoka. Jumanne saa saba na dakika kumi na nne Awuor alikuwa Eastlands, mahali ambapo maji yalikuwa yanafika dakika ileile. Sasa, ni nani anayejua dakika ambayo maji yalifika?"

Si ofisi. Ofisi ina ratiba iliyobandikwa ukutani, na kila mama wa Eastlands anajua thamani ya ratiba iliyobandikwa ukutani. Anayejua ni mtu mwenye ufunguo.

Walimpata saa tano na nusu kando ya barabara ya Outering, ameketi juu ya mfuniko wa zege akila ndizi. Njogu alikuwa na miaka ishirini na sita ya kufungua na kufunga maji ya watu, na kando yake ulilala ufunguo wenyewe, nondo ndefu kama mtu, yenye mkono wa kukingama juu.

"Wewe ni mtu wa tano kuniulizia maji leo," alimwambia Nthoki, "lakini wa kwanza mwenye beji."

"Mzee, Jumanne ulifungua wapi karibu na saa saba mchana?"

"Jumanne? Kwa kawaida sifungui mchana. Nafungua alfajiri, laini zote za Jumanne na Ijumaa, mpaka jogoo wananizoea. Lakini Jumanne bomba la Umoja lilipasuka, tukaziba asubuhi nzima. Laini hiyo moja tu ndiyo nilichelewesha." Alitoa simu mfukoni, akapanguza kidole kilichonata ndizi. "Bosi siku hizi hatuamini. Kila nikifungua anataka picha. Hii hapa."

Picha ilionyesha kiatu cha Njogu, ufunguo, na shimo. Saa sita na dakika kumi na saba.

"Basi yalifika Umoja saa sita na nusu," Bulle alisema. "Si saa saba. Haiingii."

Njogu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni anayekula ugali kwa uma. "Kijana, maji si umeme. Nikifungua hapa, nyumba za mwanzo hupata kwa robo saa. Kila mtu akishafungua mfereji wake, yanapungua nguvu, yanatambaa. Wale wa mwisho wa laini husubiri saa nzima na wananitukana saa nzima."

"Mwisho wa laini ni wapi?" Nthoki aliuliza.

"Vichochoro vitatu, nyuma kabisa, karibu na ukuta wa shule. Nyumba kama sitini hivi."

Kutoka jiji zima hadi nyumba sitini. Nthoki alimfungulia mlango wa gari. "Mzee, beba ufunguo wako."

*

Ilikuwa siku ya maji. Umoja nzima ilikuwa imevaa nguo zake juu ya paa. Mashuka, sare za shule, jezi, nepi na mapazia yalipepea kwenye kamba, na kila kichochoro kilinukia sabuni. Njogu aliachwa mwanzo wa vichochoro. Nthoki na Bulle, wasio na sare, walitembea polepole kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga.

Kichochoro cha kwanza hakikutoa kitu. Cha pili kilitoa nyumba yenye vijana wanne na mlango mzito, na Bulle akapoteza nusu saa akigundua kwamba walikuwa wanaficha mbuzi asijulikane na mwenye nyumba. Adhana ya Ijumaa ililia. Bulle aliinamisha kichwa kidogo.

"Swala itakupita," Nthoki alisema.

"Mungu anajua nilipo, Sajini. Wasichana hao ndio hakuna anayejua walipo."

Katika kichochoro cha tatu walimkuta mwanamke mnene, Mama Adoyo, akikamua blanketi peke yake. Nthoki alishika ncha ya pili bila kuombwa, wakakamua pamoja, maji yakawamwagikia miguuni. Ukishakamua blanketi na mtu, umekuwa jirani yake.

"Natafuta nyumba," Nthoki alisema. "Ile pale ya geti jekundu iko wazi?"

"Ile? Haina mtu tangu Januari. Si unaona kufuli iko nje?"

Ni kweli, kufuli kubwa ilining'inia nje ya geti. Bulle alishusha pumzi na kuanza kugeuka.

"Naomba nipande paa lako nianike hili," Nthoki alisema.

Kutoka juu aliona mapaa yote ya kichochoro. Yote yalikuwa yamejaa nguo, isipokuwa moja. Paa la geti jekundu lilikuwa na kamba nne zilizofungwa vizuri, na juu yake hapakuwa na hata soksi. Nyumba isiyo na mtu haifui, hilo lilikuwa sawa. Kisha akatazama chini. Kwenye mtaro uliotoka chini ya geti jekundu povu lilikuwa likitiririka, povu jeupe, zito, la watu wengi.

Alishuka ngazi mbili mbili. "Wanafua, Bulle. Wanafua nguo za watu kumi na hawaaniki hata moja. Siku ya maji mtu haogopi jua. Anaogopa macho."

"Na kufuli?"

"Angalia tundu kando yake. Mkono unapita. Mtu akiwa ndani anaweza kutoa mkono, akafunga kwa nje, akakaa ndani kama panya."

Bulle alikunja mikono ya shati. "Nivunje?"

"La. Sheria inaturuhusu, lakini geti likivunjwa wasichana watakimbizwa kwa nyuma, na kesho wakili wa Waringa atatusomea shairi kuhusu geti. Nataka lifunguliwe kwa mkono wake mwenyewe." Akapiga simu. "Mzee Njogu, kuna valvu ya kichochoro hiki peke yake?"

"Iko. Nikifunga hiyo saa hizi, nitazikwa leo."

"Funga."

Njogu alitia ufunguo shimoni akazungusha, mara kumi na nne, akihesabu kwa sauti kama mtu anayekata tamaa. Mifereji yote ya kichochoro ilikata roho kwa pamoja. Kisha milango ikaanza kufunguka mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ukatoa mtu mwenye povu.

"Nani amefunga maji?"

"Ni ule mzee wa maji! Wee buda, si leo ni Ijumaa?"

"Niko na shampuu kwa kichwa, jameni! Nitaenda kazini hivi?"

"Huo ufunguo tutakupiga nao!"

"Matengenezo!" Njogu alinguruma, ameshikilia nondo yake kama askari wa zamani. "Kama una malalamiko, panga laini!"

Mkono uliochomoza kwenye tundu la geti jekundu ulikuwa na sabuni mpaka kwenye kiwiko. Ufunguo ulizunguka, kufuli ikaanguka, na mwanamke wa makamo mwenye leso kichwani akatoa uso nje. "Jameni, hata dakika kumi tu tumalize…"

Kiatu cha Bulle kilikwisha kuwa katikati ya geti na nguzo.

"Dada Waringa," Nthoki alisema. "Karibu nje. Ama utukaribishe ndani."

*

Walikuwa kumi na mmoja. Sebuleni kamba zilivuka kutoka pembe hadi pembe, nguo mbichi zikidondoka maji juu ya magodoro, na chini ya nguo hizo wasichana walikuwa wamekaa wakipakia mikoba yao. Hakuna aliyefungwa kamba, hakuna aliyepigwa. Walikuwa wameambiwa wasitoke, na nyumbani waseme wamefika, wakatii. Simu zao na pasipoti zao zilikuwa kwenye mkoba wa Waringa, na Bulle alizipanga mezani moja moja.

Awuor alikuwa yule mrefu aliyekaa karibu na dirisha. Nthoki alimpa simu yake. "Mpigie baba yako. Na umcheke kwanza, atajua ni wewe."

Binti alibonyeza namba, akajaribu kucheka, akalia. Upande wa pili mzee alisikika akimwita kwa jina mara tatu, nne, akiuliza kama amekula.

Waringa hakutetereka. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akavua leso kichwani akakaushia mikono. "Maliza mchezo wako, dada. Kisha uwaulize hawa kama kuna niliyemteka. Hakuna. Walikuja kwa miguu yao. Mimi ndiye nimewatafutia riziki wakati nyinyi serikali mmelala. Unajua kazi ya kibarua huko Industrial Area ni nini? Kusimama getini toka alfajiri uambiwe rudi kesho."

"Mbona ulituma ujumbe kwamba wamefika, na bado wako Umoja?"

"Ili wazazi walale usingizi."

"Na pasipoti?"

"Wasipoteze." Waringa alitabasamu. "Wewe andika unavyotaka. Kortini utahitaji mtu wa kusimama. Nani hapa atasimama? Nimewalea. Mwingine nilimfundisha kuomba kabla hajajua kusoma. Nani atasimama amshtaki mama yake?"

Nthoki aliwatazama wasichana. Kila mmoja alitazama sakafu. Aliijua hali hiyo vizuri, maana ndiyo iliyomwangushia kesi tatu mwaka uliopita. Kuwatoa watu nyumbani ilikuwa nusu ya kazi. Bila ushahidi wao Waringa angelala kwake kabla ya Jumatatu, na mwezi ujao kapu lingepita katika kanisa lingine.

Alikumbuka maneno ya Kiarie. Jina la mwajiri.

"Waringa, Awuor alikuwa anaenda kwa nani?"

"Kwa watu wazuri."

"Jina lao?"

"Atapewa akifika."

"Sawa." Nthoki alimgeukia Awuor. "Wewe uliambiwa ni nani?"

Awuor aliangalia wenzake, kisha akainama na kunong'ona, "Niliambiwa nisiseme."

"Kwa nini?"

"Wivu, afande. Wivu huua safari. Dada alisema nafasi yangu ndiyo nzuri kuliko zote, wengine wakijua watanifanyia kijicho."

Mtu yeyote aliyekulia mitaa hiyo angeelewa. Safari haitangazwi. Hata mama mzazi huambiwa siku ya mwisho. Nthoki mwenyewe alificha barua yake ya kuingia polisi chini ya godoro mwezi mzima.

"Basi niambie mimi sikioni."

Awuor alimwambia sikioni. Nthoki hakubadili uso. Alimwita wa pili, msichana mdogo kutoka Mukuru kwa Reuben anayeitwa Kui, akainama, akasikiliza. Akamwita wa tatu. Wa nne. Bulle alidhani sajini amepoteza akili, kwa jinsi alivyopita kila godoro akisikiliza siri kama padri. Alipomaliza wa kumi na mmoja alisimama katikati ya sebule, chini ya nguo zinazodondoka.

"Nimesikia siri zenu zote," alisema. "Na nitawaomba msamaha, maana nitazitoa. Ni moja. Kila mmoja wenu anaenda kwa daktari mwanamke, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike. Nyumba ndogo. Ijumaa ni siku ya kupumzika."

Macho yaliinuka kutoka sakafuni.

"Mjane?" Kui alisema. "Mtoto anaitwa Mariam?"

"Mariam," Awuor alijibu.

"Hata mimi ni Mariam," sauti nyingine ikasema nyuma.

"Mimi pia."

"Wasichana kumi na mmoja kwa mtoto mmoja!" Kui alisimama, sauti ikipanda. "Dada Waringa, huyo mtoto tutamlea kwa zamu?"

Mtu alicheka, kicheko kikali, na kicheko hicho kikazunguka chumba kikibomoa kitu kila kilipopita. Siku nne walilala bega kwa bega, kila mmoja akimhurumia mwenzake kimoyomoyo kwa kukosa bahati yake. Sasa walitazamana kama watu waliowashiwa taa.

Leso ilimponyoka Waringa mkononi, na hakuna aliyemwokotea.

Awuor alikuja mpaka mezani. Alichukua pasipoti yake, akaifungua kuhakikisha ni yake, akaitia ndani ya blauzi.

"Afande, nikwambie ukweli. Mimi nitasafiri tu. Sijabadili nia. Baba anataka macho, na mimi nina mikono. Lakini nitakwenda kwa mlango, nikiwa na jina la mtu anayeningoja." Alivuta kiti kingine cha plastiki, akakaa mbele ya Nthoki uso kwa uso. "Kabla ya hapo, andika. Andika jina langu kamili, na uandike kwamba nimesema mbele yake."

Nthoki alitoa kalamu. Nyuma ya Awuor, Kui alikuwa amekwisha kusimama, na nyuma ya Kui mwingine, wakipanga foleni iliyoinama chini ya mashuka mabichi na kutokea mlangoni.

Bulle alihesabu vichwa, kisha akahesabu fomu zilizobaki kwenye faili.

"Sajini," alisema, "karatasi hazitatosha."

"Basi kimbia dukani," Nthoki alisema bila kuinua kichwa. "Na umwambie Mzee Njogu awafungulie watu maji."